Nyumbu Aliyemgomea Rais

Mheshimiwa Jaji, mkuu wa wilaya yetu, Mchungaji Oakes, Bwana Shamba Pettus, tunayemuaga leo, Eudora, mke wangu, uliyeniambia nisiseme sana, na ninyi wakulima wenzangu wa Teksasi mliofuata kuku wa kukaanga:

Hotuba hii nimeiandika mwenyewe. Shule nilisoma mpaka upepo ulipoezua paa, nikaona inatosha. Lakini katika wilaya hii hakuna aliyewahi kulima mstari ulionyooka kama wangu mimi, Hollis Yarbrough. Anayebisha anyooshe mkono, nimwone.

Mnakumbuka pamba ilipokosa mnunuzi. Rais aliyekuwapo wakati huo, nimwite wa kwanza, alitaka tuvumilie, mambo yatakaa sawa. Nikavumilia, maana nilimpigia kura, na mimi kura yangu siijutii. Kila asubuhi nilichungulia barabarani nione kama neema inakuja. Nikamwona jirani yangu Lemuel Stroud na nyumbu wake Ruby, wakikanyaga maboga yangu.

Akaingia Rais wa pili. Bwana Shamba akatuletea neno lake: pamba imezidi, ilimiwe chini, yaani ifukiwe kwa plau ingali shambani, na serikali itatulipa. Ndugu zangu, nani alishawahi kusikia jambo kama hilo? Nilimwambia, “Kijana, Lemuel anaharibu mazao miaka yote na hajalipwa hata senti.”

Ningekataa mpaka leo. Lakini benki ilikuwa tayari kulinadi shamba langu kwa deni kwenye ngazi za mahakama, isipokuwa kama mkaguzi wa serikali, aliyekuwa anakuja Jumatatu, angekuta pamba imelimiwa chini, nikalipwa. Eudora akaniambia, “Hollis, ukaidi wako siwezi kuupika.”

Basi Jumamosi nikamfunga plau nyumbu wangu Shemasi. Baba yake punda, mama yake farasi, adabu kaipata kwangu. Tangu mdogo nimemfundisha kupita katikati ya mistari bila kugusa jani la pamba, kama tunavyowafundisha sote hapa, kasoro mtu mmoja. Nikamwelekeza juu ya mstari, akarudi katikati. Nikamvuta, akarudi. Bwana Shamba akavua koti, akashika hatamu, akamweleza kwa upole kwamba hiyo ni amri ya Rais. Shemasi akakaa chini. Nchi nzima ilikuwa imeshahamia kwa Rais wa pili, nyumbu wangu bado yuko na wa kwanza.

Sasa, ni nani katika wilaya hii alikuwa na nyumbu asiye na adabu hata chembe? Mnamjua. Nilikwenda kwake kofia mkononi, na mke wangu nyuma yangu akihakikisha sigeuzi njia.

Lemuel alinisikiliza huku akitafuna tumbaku. Pesa hakutaka. Akasema, “Mzee Hollis, miaka yote unamtukana Ruby kwenye maonyesho. Nitamleta. Ila siku watu wakijaa, Jaji yupo, Mchungaji yupo, utasimama useme Ruby ni bora kuliko Shemasi.”

Nikamwambia bora ninadiwe. Eudora akamwambia nimekubali.

Ruby aliingia kwenye pamba yangu kama mtu aliyeitwa harusini. Alikanyaga, alilala, alikula, na plau nyuma yake ikafukia kilichobaki. Mkaguzi alipofika alisema hajaona shamba lililoharibiwa kwa ustadi namna ile. Serikali ikanilipa, benki ikakunja jamvi lake.

Bwana Shamba, wewe uliacha ofisi ukaja kubembeleza nyumbu juani ili mzee mmoja asifukuzwe kwake. Huko unakohamia wasipokuheshimu, niandikie.

Na watu ndio hao wamejaa. Jaji yupo. Mchungaji yupo. Basi natamka: kwa kazi ya kuharibu, Ruby ni bora kuliko…

Nini, Lemuel? Hiyo “kwa kazi ya kuharibu” niiondoe? Haya, Eudora, usinivute koti, nimesikia.

Ruby ni bora kuliko Shemasi.

Nimesema nikiwa nimesimama, na nyumbani nitakwenda kulala kwenye shamba langu mwenyewe. Nawashukuru kwa masikio yenu, na nawaomba sana, njiani mkipita zizini kwangu, Shemasi asiambiwe.