C ya Physics, na Watu Wananiita Injinia

Asanteni, lakini hiyo makofi ngojeni kwanza. MC amesema ati "karibu injinia wetu" na nyinyi mkapiga makofi bila kuuliza. Hivyo ndivyo shida yangu ilianza, watu kupiga makofi mapema na mimi kunyamaza. Kwa hivyo wekeni mikono chini mnisikize. Nikimaliza mkiona inafaa, mtapiga.

Sitataja mtu jina. Wengine wako hapa ndani na wanajijua. Nitaongea yangu tu.

Naona nyinyi wa fomu foo mmekaa huku mbele. Matokeo yametoka, na portal ya kuchagua kozi inafungwa Ijumaa. Ndio maana nilisumbua mwenyekiti wa vijana wa kanisa niongee leo. Aliniambia, "Si ungoje Jumapili ya shukrani?" Nikamwambia hapana, hiyo Jumapili watakuwa wamechelewa.

Mimi ni wa upande wa Othaya, kwa hizo milima zenye ukiangusha boga unaenda kuitafuta kwa mto. Nikiwa darasa la sita nilifungua cherehani ya mama nikairudisha, nikabaki na skrubu mbili kwa mkono. Cherehani ikashona hivyo hivyo. Basi nikajua mimi ni injinia. Si nilisema nataka kuwa, hapana, nilijua ni mimi.

Fomu foo nikapata B minus. Hesabu A minus. Chemistry B. Physics C. C plain, wazazi, ile inakaa peke yake bila plus.

Nyumbani waliona B minus peke yake. Baba mdogo akasoma hiyo slip ya matokeo kwa sauti mbele ya majirani, akaruka hapo kwa physics kama mtu anaruka matope. Na mimi nilimwona akiruka, nikanyamaza. Kufikia wiki iliyofuata, mama akipeleka kahawa factory wanamwambia, "Mama Injinia, pita mbele." Na anapita! Kwani angefanya nini?

Sasa sikizeni hapa vizuri, nyinyi wa mbele. Digrii ya uinjinia haiangalii mean grade, ile ya jumla, peke yake. Inaangalia masomo moja moja. Ilikuwa inataka C plus ya physics na mimi niko na C. Mwalimu wetu alikuwa ameandika hiyo kitu kwa ubao, nikaona ni ya wengine. Portal ilinikataa. Wakafungua mara ya pili watu wabadilishe, nikaweka uinjinia tena, chuo tofauti, kama mtu amekataliwa na msichana anaenda kuuliza dada yake. Ikakataa. Hapo mwisho, kwa hasira, nikaweka digrii ya hesabu, na hiyo nikapata.

Kuna mtu alinishauri, na hakuwa mbaya, alikuwa tu hajui. Aliniambia, "Wewe ingia na mlango yoyote. Ukishakuwa ndani utahama." Ndugu zangu, nawaambia, hiyo maneno imepoteza watoto wengi hizi pande zetu. Tunaiambiana kwa sherehe, kwa mazishi, kwa stage ya matatu. Hakuna mtu anauliza, kuhama ni kwa masharti gani?

Wiki ya kwanza chuoni nikaenda dirisha ya kuhama. Mama mmoja wa ofisi akachukua slip yangu, akaweka kidole kwa mstari ya physics.

"Hapa. Wanataka C plus."

"Lakini hesabu niko na A minus."

"Naona. Ni nzuri sana. Lakini hii bado ni C."

"Na nikifanya vizuri huku ndani?"

"Msichana yangu, hata upate A zote hapa, hii slip haitabadilika. Kuhama wanaangalia hii. Umesikia? Enda kwa class yako."

Alinishauri kama mtoto wake. Nilitoka hapo nikimtukana kwa roho.

Na sikuenda kwa class yangu. Nilienda kwa class ya mainjinia. Msicheke. Nilinunua rula ile ya T, nikawa nakaa safu ya tatu kwa darasa ya kuchora, Jumatatu na Jumatano, kama mwanafunzi. Hakuna mtu aliniuliza kitu. Kwa diary yangu niliandika, "Wakiona kazi yangu watanichukua tu." Nilikuwa naamini hivyo kabisa. Class za hesabu nikaacha moja moja mpaka nikaacha zote. Na nyumbani wakipiga simu, "Injinia, masomo aje?" nasema iko sawa.

Mwezi ya tatu wakaleta CAT, ule mtihani mdogo wa darasani. Lekcha akaanza kuita majina, anayeitwa anachukua karatasi. Akaita mpaka akamaliza. Watu wote wameinama wanachora, mimi nimeshika rula.

"Wewe jina yako ni gani?"

Nikasema.

Akaangalia list, akageuza nyuma, akaangalia tena. "Haiko. Umesajili hii kozi?"

"Bado, sir."

"Bado aje, na tunamaliza semester?"

Kuna kijana nyuma akasema, "Sir, huyo ni mgeni wa heshima." Darasa yote ikacheka. Lekcha hakucheka. Akaniambia pole pole, nichukue vitu zangu niende ofisi nijue niko wapi. Hapo kwa ofisi ya hesabu nikaambiwa nimekosa class nyingi, sitafanya mtihani. Kwa hivyo mwisho wa semester sikuwa injinia na sikuwa wa hesabu.

Nikarudi nyumbani Disemba. Nikasema tumefunga.

Disemba kwetu ni kahawa. Kila mtu anachuma, na kahawa mbivu ukichuma leo lazima itolewe maganda leo, ikilala inaharibika, hiyo kazi ya mwaka mzima imeenda. Siku moja, kitu saa nane, mashine ya factory ikaanza kutoa mbegu zimekatwa katikati. Karani akazima. Foleni ya watu na magunia imefika mpaka barabara. Fundi amepigiwa simu, yuko huku Gatitu, anakuja na pikipiki. Lakini kuna mzee mmoja akasema, "Kwani tunangoja Gatitu ya nini, na injinia ameonekana leo asubuhi akichuma kwao?"

Wakanitumia mtu. Nilikuwa juu kwa shamba na mama. Nikamwambia, "Mama, hiyo si mashine tumesoma."

Mama akasema, "Si uende uangalie tu. Kwani unaogopa mafuta? Watu wamenipitisha mbele mwaka mzima juu yako."

Nikaenda. Na mama nyuma yangu.

Kwa hiyo mashine kuna diski inazunguka, na chuma imekaa karibu nayo. Kahawa inapita hapo katikati, ganda inatoka, mbegu inabaki. Mimi sikuwa najua hiyo. Niliona tu bolti. Watu wamenizunguka, wananipisha, mmoja amenishikia spana kama nesi. Ningesema sijui. Ilikuwa maneno moja tu. Lakini nikashika spana nikakaza. Nikakaza tena. Nikasema, kwa hiyo sauti ya injinia, "Washeni."

Ikalia, ikashika, belti ikaanza kutoa moshi. Karani akaruka kuzima. Mwanamke mmoja akasema "Ngai!" akaketi kwa gunia yake. Sasa mashine yenye ilikuwa inaharibu kidogo ilikuwa haizunguki kabisa. Na hakuna mtu alinitukana. Hiyo ndio iliniumiza zaidi. Mtu mmoja alisema, "Labda inataka kupoa." Walikuwa wananitetea.

Fundi akafika. Mtu mfupi, overoli imechomeka mashimo. Akainama, akaangalia, akauliza, "Nani ameshika hii?"

Karani anaangalia mto. Mama anaangalia viatu vyake. Kijiji nzima ilikuwa imekubali kunificha.

Nikasema, "Ni mimi."

"Wewe ndio injinia nimeambiwa huko njiani? Uko mwaka ya ngapi?"

Ndugu zangu, ningeweza kusema mwaka ya kwanza na ingeisha hapo. Sijui ni nini ilinishika. Nafikiri ni hizo magunia. Nikasema, "Siko mwaka yoyote. Sijawahi kusomea uinjinia hata siku moja. Physics nilipata C. Wamenifukuza kwa class."

Na mama amesimama hapo. Alisikia pamoja na watu wote, sikumpa hata nafasi ya kusikia peke yake. Hiyo nimemwomba msamaha mara nyingi, na leo tena, mama, mbele ya hawa.

Mnajua alisema nini? Alivuta pumzi, akafunga kitambaa yake vizuri, akaniambia, "Basi usisimame hapo. Shikia fundi spana."

Tukaanza. Fundi analegeza, anatia kahawa mkono moja, anawasha, anaokota mbegu anaweka kwa kiganja. Zimekatwa. "Legeza robo." Nikazungusha nusu. "Nimesema robo! Una haraka ya kwenda wapi?" Anatia tena. Sasa zingine zinatoka na ganda. "Rudisha kidogo." Anatia tena. Tulirudia hivyo mpaka nikaacha kuhesabu. Halafu akanionyesha kiganja, mbegu zote nzima, safi. Foleni ikaanza kusonga. Gunia ya mwisho ilipita kabla jua haijaingia.

Akiosha mikono akaniuliza, "C ya physics inakuzuia nini?"

"Digrii."

"Na diploma? Hiyo C inatosha. Ukipita vizuri unaendelea na digrii kutoka hapo."

Nikamjibu vibaya. Nilikuwa nimechoka. Nikasema, "Diploma ni ya wenye walianguka."

Akacheka. "Mimi nilianguka. Na ni mimi mmeita."

Hiyo Januari nikahamia kwa tata, shangazi yangu, hapa Gatitu, nikaingia chuo ya ufundi, diploma ya mechanical. Msifikiri ilikuwa tamu. Wenzangu wako na C minus, wananiita "Chuo Kikuu". "Chuo Kikuu, umepotea njia? Ya kurudi ni huko." Term ya kwanza tulikuwa tunapiga tupa. Unapewa kipande ya chuma, unaisugua mpaka iwe mraba kamili. Mwalimu anaweka kipimo, anainua kwa dirisha, akiona mwanga inapita hapo katikati anakurudishia. Mimi alinirudishia mara saba. Mara ya tano niliitupa nje kwa nyasi nikaenda nyumbani. Tata akaniambia, "Hapa kwangu watu wanarudi jioni, si saa tano." Nikarudi nikaitafuta kwa nyasi.

Jumamosi nilikuwa naenda penye fundi anachomelea vyuma. Miaka tatu. Kuna siku nilitaka kuacha, na si mara moja, kwa sababu wenye nilimaliza nao shule walikuwa wanapost picha za chuo kikuu na mimi niko na mafuta mpaka kwa masikio. Lakini nilikuwa naelewa vitu. Hata physics! Ile ilinishinda kwa ubao, nikiishika kwa mkono naiona.

Nikapita na credit. Nikaomba digrii tena. Safari hii nilisoma masharti kwanza, mstari kwa mstari, nikapiga simu, nikauliza mpaka wakajua sauti yangu. Barua ilikuja wiki mbili zimepita. Mechanical engineering, naanzia mwaka ya pili. Naenda kuripoti Jumatatu. Mama aliisoma na kidole, polepole, mpaka kwa sahihi, halafu akaniambia niende nikamwonyeshe baba mdogo na nihakikishe hajaruka kitu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru fundi wangu, yuko hapo nyuma karibu na mlango, hapendi kuonekana. Tata, kwa chakula na kwa mdomo. Wale watu wa foleni, wenye walinificha na baadaye hawakunicheka. Na yule mama wa dirisha huko chuoni, sijui kama nitampata, nataka kumwambia alikuwa amesema ukweli.

Wazazi, hamkukosea kutupenda. Lakini mtoto akileta slip, someni mpaka ile mstari haipendezi, na mmuulize. Sisi tunaogopa kuwaangusha kuliko tunavyoogopa kudanganya. Na wewe wa fomu foo, mtu akikuambia ingia tu utahama, muulize yeye alihama lini.

Kama umekosa kwa alama moja, haujakufa. Kuna njia, ni ndefu, na itakuchosha. Mimi bado niko ndani yake.

Sasa sitaki kuongea sana. Tukishatoka nitakaa kwa ile benchi ya nje, upande wa jikoni ya akina mama. Niko na kalamu, niko na orodha ya masharti, na simu yangu iko na bundles za internet. Kuja na slip yako. Wewe wa sweta ya maroon, nimekuona ukikunja hiyo slip tangu nianze kuongea. Kuja wa kwanza.