Mama Rabia na Marinda ya Gari la Chanjo

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Mama Rabia Amadi anafunika cherehani yake kwa mara ya mwisho katika kituo chetu cha afya hapa Ruashi, Lubumbashi, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Sherehe tumeiweka alasiri, baada ya sala ya Ijumaa. Yeye mwenyewe alituonya mapema kwamba hatakubali kuagwa akiwa hayupo.

Aliingia kazini mwaka 1991 kama fundi wa kushona. Shuka za wodi, mapazia, nguo za chumba cha upasuaji, hata mifuko ya kubebea kadi za watoto, vyote vimepita mikononi mwake. Marehemu baba yake, fundi cherehani kutoka Maniema, alimfundisha kuikagua nguo kwa upande wa ndani kwanza. Ndiyo maana ukija na shati jipya Mama Rabia anashika ukosi, anaugeuza aone mshono, halafu ndipo anaitikia salamu. Sisi tumezoea. Daktari Mbuyi, mkuu wetu, wiki yake ya kwanza hapa alidhani anakabwa.

Ana ugonjwa mmoja ambao kituo kizima tumeshindwa kuutibu: kuuliza. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na Mama Rabia aliwasikia vizuri kupita kiasi. Ameuliza kwa nini friji ya chanjo ina jasho. Ameuliza kwa nini dawa ya kikohozi ni tamu na ya minyoo si tamu. Mkaguzi mmoja kutoka mjini aliulizwa maswali mengi hadi akasahau kutukagua.

Ninayeandika haya ni Constance, muuguzi wa chanjo, na nina sababu ya kuushukuru ugonjwa huo. Nina pumu. Mwaka 2019, msimu wa kiangazi, kila nilipotoka kwenda vijiji vya upande wa Kasomeno nilirudi nikikohoa hata kusema siwezi. Daktari Mbuyi alinihurumia, akaandika barua ya kunihamishia mezani, kwenye kadi na mihuri. Hakukuwa na muuguzi mwingine wa kushika safari zile, kwa hiyo zingesimama mpaka apatikane. Nililia, nakiri. Kazi yangu ilikuwa barabarani, na watoto wale nilikuwa nawajua kwa majina.

Siku hizo Mama Rabia alikuwa anashona vitambaa vipya vya viti vya gari. Akiwa ndani na futi yake, alipangusa kiti kwa kiganja, kiganja kikatoka chekundu. Alimgeukia Papa Franck, dereva wetu: “Mulifunga madirisha yote, sasa hii vumbi inaingiaka wapi?” Papa Franck alijibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kuulizwa mengi: “Mama, hii motoka haina na filtre. Nilishaangalia mara mingi.”

Hakuwa anadanganya; chujio kweli hakuliona. Gari lile lilikuja kutoka Japani likiwa na usukani upande wa kulia, na kama magari mengi ya mji wetu, lilihamishiwa usukani kushoto kabla ya kufika kwetu. Kitabu chake kilikuwa cha Kijapani, tulichoweza kusoma ni picha tu, na picha zilisema chujio la hewa ya ndani limekaa nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Papa Franck alikifungua kisanduku hicho, upande wa kulia, hakuona kitu. Gereji moja ilitaka kubomoa dashibodi nzima kwa siku tatu, kwa bei ambayo ingemeza dawa za mwezi mzima. Daktari akasema hapana.

Mama Rabia aliikodolea picha ile muda mrefu, akakigeuza kitabu, akalitazama gari, kisha akacheka. “Balibadilisha manguo,” alisema, “habakubadilisha muntu.” Kumbe aliyehamisha usukani alihamisha kisanduku pia, lakini feni na chujio vilibaki mahali vilipozaliwa, kushoto, juu ya miguu ya dereva. Alilala chali kwenye sakafu ya gari, mama wa heshima na kilemba chake, akafungua kifuniko kidogo kwa ncha ya mkasi wa kukatia vitambaa. Likatoka chujio, jeusi, limepasuka katikati, limejaa vumbi na majani madogo makavu yenye umbo la pepeo la mkono. Mti wa majani yale haupo Lubumbashi; huenda yalikuja na gari kutoka Japani. Kwa miezi miwili alimwuliza kila mgeni aliyevaa miwani ni mti gani.

Hapa ukweli lazima usemwe, maana shukrani isiyo na ukweli ni sifa za msibani. Mara ya kwanza Mama Rabia alikosea. Alipoona karatasi iliyokunjwa kunjwa, yeye aliona sketi ya marinda. Alilishona chujio pale lilipopasuka, akalifua, akalitia wanga na kulipiga pasi. Marinda yalisimama vizuri ajabu, ila liliporudishwa garini hewa haikupita hata kidogo. Vioo vilijaa ukungu, na Papa Franck alirudi kutoka Kinsevere kichwa kikiwa nje ya dirisha. Kesho yake Mama Rabia alikwenda sokoni kununua chujio jipya, lililogharimu chini ya kitenge kimoja, akalipachika mwenyewe kwa dakika kumi.

Safari iliyofuata nilikwenda Kasomeno na kurudi bila kukohoa. Daktari Mbuyi aliichana barua yake mbele yangu. Tangu hapo, kila msimu wa vumbi unapoisha, wafanyakazi wenye magari hufika nyumbani kwa Mama Rabia Jumamosi na machujio yao mkononi, na hakuna tena anayelipa gereji kwa kazi hiyo. Yeye husimamia tu. Anayeweka upande wa nyuma mbele huambiwa kwamba amevaa nguo kinyume.

Mwezi uliopita tulimwuliza anataka zawadi gani. Alitaka kiti kimoja katika gari la chanjo. Miaka yote ameshona viti vile na hakuwahi kusafiri navyo. Basi tulimkalisha mbele, na aliuliza maswali kutoka Ruashi hadi Kasomeno; Papa Franck aliomba tusimame mara mbili, si kwa sababu ya gari. Tulipofika, akina mama walikuwa wamekwisha kupanga mstari na watoto mgongoni, mstari mrefu kuliko ukuta wa shule. Mama Rabia aliutazama wote. Kisha alisema polepole: “Kumbe iko batoto bengi hivi? Miye nilizani ilikuwa mambo ya vumbi tu.”

Mama Rabia, asante. Mungu akupe afya, wajukuu wenye subira na majibu ya maswali yako yote, isipokuwa machache ya kukuleta kwetu mara kwa mara. Sisi umetuachia pumzi. Sasa pumzika, mama.