Muosha Matangi Mwenye Shahada Mbili

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake na viongozi wa kiwanda mliofika kumsindikiza: mimi ni dada mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma habari za maisha yake. Nimeambiwa nisome taratibu na nisitie chumvi. Chumvi sitatia. Lakini yaliyoandikwa humu nitayasoma yote, pamoja na yale ambayo baadhi yetu walinisihi jana niyaruke.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa nne kati ya sita wa seremala na muuza vitambaa. Alizaliwa mdogo mno, hata mkunga akamnong'oneza shangazi kwamba mama asipewe matumaini makubwa. Mtoto akaishi, akawa mbishi tangu siku hiyo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1986 hadi 1992 na sekondari hadi 1998. Alipoitwa chuo kikuu, baba aliuza mashine yake ya kurandia mbao akarudi kwenye randa ya mkono, na viganja vyake hatukuvisahau. Mwaka 2003 marehemu alipata shahada ya kwanza ya kemia, na 2006 ya pili. Tasnifu yake ilihusu klorini katika maji ya kunywa. Baba aliwatambia wateja kuwa mwanawe amesomea maji, wakamuuliza kwani maji nayo yanasomewa. Baba alicheka nao, kisha akaenda kumuuliza marehemu swali lilelile.

Alifunga ndoa tarehe 19 Agosti 2006 na mpishi wa shule, ambaye ndiye mjane wetu leo. Wengi wenu mnakumbuka kadi za harusi ile zilivyochelewa. Mpiga chapa aliandika "mnakalibishwa", na bwana harusi akazirudisha zote, kadi mia tatu, ikiwa imebaki wiki moja. Baba mkwe alisema binti yake anaolewa na kamusi. Marehemu alijibu kwamba hawezi kumwalika mtu kwa kosa.

Kazi aliitafuta miaka kumi. Maabara zilitaka mzoefu. Kwingine kote walimwambia amesoma kupita nafasi iliyopo, atawakimbia, au atawaletea maneno. Alifundisha watoto wa watu masomo ya ziada huku na huku, viatu vikaisha. Juni 2016 kiwanda cha dawa za usafi kilitangaza nafasi za vibarua, akaja kwangu na fomu. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Palipoandikwa "kiwango cha elimu" alikaa na kalamu muda mrefu. Nikamwambia aandike kidato cha pili, shahada zimemlisha lini? Akasema mkono haukubali. Nikamnyang'anya kalamu, nikaandika mimi. Alipata kazi wiki hiyohiyo, ya kuosha matangi, nami nikamwambia, "Unaona sasa?" Nilijiona mjanja kweli.

Kazini mlimwita Bubu. Hakuwa bubu, alikuwa anachunga ulimi. Matangazo ya ukutani aliyasoma kwa kufuatisha kidole, kama mtu anayejifunza. Siku aliyoomba likizo aliandika "luhusa" kwa makusudi. Mkewe anasema jioni ile alikaa nje ya mlango mpaka chakula kikapoa.

Februari mwaka huu kiwanda kilitaka kuchanganyia dawa ya vyoo, yenye asidi, katika tangi la pili. Tangi hilo lilikuwa na mabaki ya dawa ya kung'arishia nguo, yenye klorini. Marehemu aliambiwa oda ni ya haraka, aache kuosha, akapakie maboksi. Alisema ni hatari. Msimamizi wa zamu akamuuliza Bubu leo amepata wapi sauti.

Aliporudi nyumbani aliandika barua. Ya kwanza iliandikwa kwa ufasaha, mkewe aliiona kwa macho yake, kisha akaichana. Mkewe alipomuuliza kwa nini, alisema:

"Nikiandika vizuri wataniuliza nilisoma wapi. Nikifukuzwa, binti atamalizaje shule?"

Akaandika ya pili. Nakala yake iko ukurasa wa nyuma wa kijitabu mlichogawiwa, nitaisoma kama ilivyo: "Bosi, tangi ra piri risitiwe asidi kabura ya kuoshwa. Itatoka hewa ya sumu, watu watakufwa."

Kesho yake, Jumanne tarehe 11, msimamizi aliisoma kwa sauti wakati wa chai, na watu wakacheka. Mtunza stoo ndiye aliyetuletea karatasi hii. Aliiokota kwenye pipa la taka, na alikiri huku analia kwamba na yeye alicheka. Saa sita mchana asidi ikamiminwa. Marehemu alitoka kwenye maboksi akakimbilia ndani, akawatoa wenzake wawili, akarudi kumfuata wa tatu. Wote watatu wako hai.

Yeye alilazwa siku arobaini na nne, mapafu yameungua. Kwa sauti ya kukwama alimweleza daktari jinsi hewa ile inavyogeuka asidi ikikutana na unyevu wa kifua. Daktari aliacha kuandika, akamuuliza amesomea wapi. Akajibu, "Chuo kikuu, daktari. Shahada mbili." Wifi yangu anasema alitabasamu. Alifariki Alhamisi, tarehe 27 Machi 2025, saa nne asubuhi.

Juzi Jumamosi tumeletewa ripoti ya kiwanda. Inasema ajali imetokana na "elimu duni ya muosha matangi, ambaye hakuelewa umuhimu wa kuosha tangi." Ndugu zangu wanaogopa kwamba tukitaja shahada, ataitwa mwongo kwa sababu ya ile fomu. Viongozi mlioketi mstari wa pili, fomu mnayo. Itoeni muilinganishe na kurasa hizi ninazosoma, nilizoziandika kwa mkono wangu. Mwandiko wa "kidato cha pili" ni wangu. Mdogo wangu alijua tangi lile kuliko mtu yeyote pale ndani, na alisema, na aliandika. Mkitaka kumlaumu mtu kwa uongo, nilaumuni mimi. Kwa kifo chake, jiulizeni wenyewe.

Marehemu ameacha mama, mjane, ndugu watano, mtoto wa kiume wa miaka tisa na binti wa miaka kumi na saba, wa kwanza darasani kwa kemia. Jana binti huyo aliniambia barua ya kuitwa chuo ikija hataipokea. "Shangazi," aliniuliza, "nisome ili nije nifiche?" Ndiyo maana leo sikuruka kitu.

Lala kwa amani, mdogo wangu, na unisamehe.