Bi Eulalie Naquin Anaukabidhi Mlango wa Nyuma

Baada ya kuulinda mlango wa nyuma wa mkahawa wa Mjomba Ovide kwa miaka arobaini na mmoja, Bi Eulalie Naquin anastaafu Jumamosi hii, tarehe 14 Juni, msimu wa kamba wa matope, wale wa vinamasini, ukifungwa. Tarehe aliichagua mwenyewe, kisha akaishuku. Alimwuliza mwenye mkahawa, Raywood Lirette, kwa nini amekubali upesi namna ile, na ni nani anayekinyemelea kiti chake. Wasifu huu pia aliomba auone kabla haujachapwa. Tulimnyima, kwa hiyo muda huu unapousoma, naye yuko meza ya mbele na nakala yake, miwani puani, anatafuta makosa.

Aliajiriwa mwaka 1984 kuhudumia meza, kazi iliyodumu wiki tatu. Mteja mmoja aliisifu gumbo yetu, mchuzi mzito wa vya majini, kabla hajaonja, naye Bi Eulalie akamsimamia mpaka bakuli likaisha, akiamini kwamba mtu wa sifa za haraka vile ana jambo. Marehemu Mjomba Ovide, babu yake Raywood, akamhamishia nyuma kupokea mizigo, akisema kipaji kama kile kisipotezwe kwa wateja.

Tangu hapo, kila kilichotoka majini kuja jikoni kwetu kilipita kwanza puani mwake. Magunia ya kamba wa matope aliyamwaga mezani akachambua waliokufa mmoja mmoja, dereva amesimama kama mshtakiwa. Chaza aliwagonganisha akasikiliza mlio. Kamba wa baharini aliwanusa, na akikunja uso, gari lilirudi lilikotoka. Mkaguzi wa serikali alipokuja mara ya kwanza, Bi Eulalie alimshuku kuwa jasusi wa mkahawa wa ng'ambo ya barabara, akamwacha mvuani mpaka Mjomba Ovide alipotoka kumtambua.

Kimbunga kilipotukatia umeme siku mbili, Raywood aliapa kwamba majokofu hayajafunguliwa na nyama ya kaa bado ina barafu. Bi Eulalie alinusa mfuko mmoja, akatupa yote. Raywood alinuna mwezi mzima. Lakini kwa miaka arobaini na mmoja hakuna mteja aliyeumwa tumbo kwa chakula chetu, na katika mji huu wa Houma, Louisiana, ambako kila bibi anaamini anapika kutushinda, hilo si jambo dogo.

Sasa nafika mahali ambapo wenzangu wamenishauri niruke. Sitaruka, kwa sababu nisipoandika mimi, Lester Verdin, mpishi wa kaangio, mtaelezwa vibaya na watu ambao hawakuwapo.

Januari mwaka huu, shamrashamra za Mardi Gras za kabla ya Kwaresima zilipoanza, Bi Eulalie alibadilika. Kila mzigo ukiingia, alimwita mtu.

“Wewe, njoo unuse hapa. Nataka nione kama uko macho.”

Tulinusa sote kwa zamu, wapishi, wahudumu, waosha vyombo. Tukaanza kunong'onezana kwamba anatupima, kwamba kuna orodha ya watakaofukuzwa. Kisha nikaona jambo baya zaidi. Alikuwa anacheka na Dudley Pellegrin, mvuvi anayetuletea kamba, wamesimama kando ya gari lake, wanazungumza chini chini. Bi Eulalie hakuwahi kucheka na mwuzaji hata mmoja. Dalili ya mvua ni mawingu, nami nikaamua kwamba amehongwa.

Ijumaa Kuu ilikuwa inakaribia. Wasiotoka Louisiana labda hawajui maana yake kwetu: mji mzima haugusi nyama, wote wanakuja kula vya majini, familia tatu kwenye meza moja iliyotandikwa magazeti. Siku hiyo ndoo moja mbovu inaweza kulaza mtaa mzima. Nikaona sina budi kumwekea mtego. Nilichukua kamba waliokuwa wameanza kuharibika, nikawaosha, nikawafunika barafu mpya. Kwa macho walikuwa hawana kasoro. Kwa pua walinuka mkojo wa paka. Alhamisi mchana nikampelekea, jikoni hakuna mtu mwingine, nikamwambia ni mzigo wa Dudley.

Alimwinua kamba mmoja, akamsogeza puani, akanitazama.

“Wazuri. Weka ndani.”

Niliwamwaga kwenye pipa la taka, nikaenda moja kwa moja kwa Raywood, nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Akatuita wote jikoni, na Dudley akaitwa pia.

“Bi Eulalie,” Raywood alisema, “Lester anasema umekula hongo.”

Bi Eulalie alifungua aproni yake, akaikunja taratibu.

“Dudley hajanipa hata jani la kitunguu. Tangu nilipougua Januari, mimi sisikii harufu. Kahawa kwangu ni maji ya moto.”

“Mbona hukusema, mama?” Raywood aliuliza.

“Ningesema mngenipa kazi gani? Kukunja vitambaa vya meza?”

Dudley akavua kofia. “Mimi alinieleza. Aliniomba nichambue mara mbili kabla sijaleta. Nikasema sawa, nikamtania kidogo ili asilie.”

Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini tulikuwa tunanusa. Kila ndoo iliyoingia tangu Januari ilipita kwenye pua nzima, ila haikuwa yake. Raywood akamwuliza mbona basi ile ndoo ya mchana hakumwita mtu.

“Aliileta Lester,” alisema. “Mtoto huyu mimi mwenyewe nimemfundisha kumenya kaa. Nikasema Lester hawezi kuniletea uozo. Miaka arobaini na mmoja namshuku kila kiumbe, siku moja namwamini mtu, tazama.”

Nimeungua mafuta mara nyingi katika kazi hii. Hakuna yaliyoniunguza kama maneno hayo, na nimeona aibu kila siku tangu nilipoyasikia. Jioni ile ile aliomba kustaafu. Raywood alipomwuliza nani ashike mlango, alininyooshea kidole bila kunitazama.

“Mpeni huyo. Anashuku vizuri.”

Kwa wiki nane hakuzungumza nami zaidi ya kazi. Alinifundisha mlio wa chaza, alinipiga vidole nilipochambua haraka, basi. Sikumwomba msamaha mbele ya watu. Namwomba leo, kwa maandishi, mbele ya mji mzima.

Jumatatu iliyopita nilimpelekea bakuli la gumbo ya kamba. Mtu asiyesikia harufu hana njia ya kujua anachopewa, na wote jikoni waliacha kazi kutazama atamwita nani anuse. Hakumwita mtu. Alichukua kijiko mkononi mwangu, akala mpaka chini, akanirudishia bakuli.

Bi Eulalie, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Mjomba Ovide, ahsante kwa kutulindia watu wetu. Tunakuombea mapumziko marefu, afya njema, na pua yako irudi nyumbani. Isiporudi, njoo mlango wa nyuma wakati wowote na chochote utakachonunua. Nitanusa mimi.