Tangi Jekundu la Marehemu

Kwenye basi la kutoka mji wa Volos kupanda milimani, bwana mmoja, ambaye dereva alimwita Stathis, alikuwa amepakata tangi la pikipiki kama mtoto mchanga. Alikuwa amelifunika lote kwa stika nyekundu mwenyewe, jikoni kwake, akiipasha moto kwa draya ya nywele, na sasa pembe zilikuwa zinainuka.

Mama aliyekaa naye akaweka chini kapu lake la mayai, akaigusa pembe moja. "Kabla ya kubandika ulilisafisha na nini?"

"Sabuni ya mama mkwe. Ya mafuta ya zeituni, anaipika mwenyewe."

"Basi umelipaka mafuta, baba. Bandua, pangusa kwa pombe ya tsipouro, ile kali, uanze upya."

"Pombe ya watu, nikalimwagie tangi?"

"Umeliogesha, unaona haya kulinywesha?"

Mimi niliyekaa nyuma yao, sabuni hiyo nimeona watu wakioshea hata picha za watakatifu.

"Stika imeisha, mama, hata mjini nimekosa," Stathis akasema. "Pikipiki ni ya marehemu mke wangu. Binti yetu anafika kesho kutoka Ujerumani, nimemwahidi ataikuta nyekundu kama zamani. Nikibandua ikararuka, ataikuta na kutu."

"Usipobandua, itabanduka yenyewe mbele yake."

"Labda itangoja aondoke."

"Anakaa siku ngapi?"

Stathis akalitazama tangi. "Anasema anarudi moja kwa moja."

Basi likasimama. Akashuka na tangi lake, kidole gumba bado kikiikandamiza ile pembe.