Amina ya Bomba la Maji

Basi lilikuwa nusu tupu, nami nilikaa nyuma ya diwani mmoja mzee na karani wa halmashauri, nikasikia yote bila hata kutega sikio.

"Mheshimiwa, leo kikao kinafunguliwa kwa kunyamaza dakika moja. Serikali haina dini," alisema karani, huku akimkung'uta makombo ya mkate begani.

"Mwanangu, sala inatuliza watu."

"Sala yako? Juzi ulimwomba Mungu awafungue macho wanaopinga bomba la maji la kata yako. Watu wakaitikia amina. Ilipofika zamu ya kupiga kura, ukawauliza, 'Mnaikana amina yenu?'"

Diwani akacheka hadi miwani ikamteleza. Hakukanusha, nami nilimpenda kwa hilo.

"Na bomba si lilipita?"

"Lilipita. Lakini mimi si wa dini yako, na kodi nalipa kama wewe. Nikiitikia, nadanganya. Nisipoitikia, wananikodolea macho."

Hapo mzee akairudisha miwani puani. Akauliza, "Na mama yako hospitalini, anaendeleaje?"

"Anapasuliwa asubuhi hii." Karani akageukia dirishani. "Mwombee, baba."

"Kwenye kikao?"

"Kikaoni hapana! Hapa hapa, kimya kimya. Na bomba usilitaje."

Mzee akafumba macho, midomo ikawa inacheza. Basi likasimama mbele ya halmashauri. Kondakta akafungua mdomo aite kituo, akawatazama, akaufunga.