Milkabai Kihimkar, Aliyekuja kwa Miezi Mitatu

Huu ni wasifu wa mama yetu, Milkabai Kihimkar, unaosomwa leo Jumanne, tarehe 14 Julai 2015, siku ya thelathini tangu azikwe, mbele ya jiwe lake jipya hapa makaburini Dimona, Israeli. Siku ya mazishi hapakuwa na wasifu. Watu wetu huzika siku ileile, na hakuna aliyekuwa na mkono wa kuandika. Anayesoma ni binti yake, mtoto wa kwanza, Segula. Ameuandika mwenyewe. Kuandika, kwa herufi za hapa, amejifunzia ukubwani, katika darasa la jioni la wahamiaji, kwa hiyo makosa mtakayoyaona kwenye karatasi mlizogawiwa ni yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Novemba 1939 katika kijiji cha Navgaon, pwani ya Konkan, kusini ya Mumbai, akiwa mtoto wa nne wa Shalom Navgaonkar na Hannabai. Baba yake alikuwa na kinu cha kukamulia ufuta, kikizungushwa na ng'ombe dume aliyefungwa kitambaa machoni. Majirani waliwaita watu wetu, Wayahudi wa pwani ile, Wakamua Mafuta wa Jumamosi, kwa kuwa siku hiyo vinu vyetu vilinyamaza. Kwa muda mrefu wazee wetu hawakuwa na rabi wala vitabu. Walikuwa na Jumamosi, basi wakaishika kwa mikono miwili. Marehemu alipenda kusimulia kwamba ng'ombe wao, hata alipofunguliwa kwa ajili ya Sabato, aliendelea kuzunguka uani palepale alipozoea. Yeye, akiwa na miaka sita, alimtangulia na konzi ya majani ili amfundishe kwenda moja kwa moja. Ng'ombe alikula majani, kisha akazunguka.

Alisoma shule ya msingi ya Navgaon kuanzia mwaka 1946 hadi alipomaliza darasa la nne mwaka 1950. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata mwalimu akamkabidhi kazi ya kuandika tarehe ubaoni kila asubuhi. Darasa la tano lilikuwa Alibag, nako ni mbali kwa msichana, basi baba yake akamtoa. Alilia siku tatu. Hilo alilisimulia mwenyewe mara nyingi, hata wanawe wakalijua kama jina lao.

Alifunga ndoa na Aharon Kihimkar, fundi wa mashine katika kiwanda cha pamba, tarehe 17 Januari 1960, wakahamia Mumbai katika chumba kimoja cha Mazgaon. Segula alizaliwa mwaka 1963. Shmuel alizaliwa mwaka 1966 akaishi miezi saba. Binyamin alizaliwa mwaka 1969 akaishi siku kumi na tisa. Hayim alizaliwa tarehe 28 Agosti 1972 na yupo, ingawa leo hayupo hapa. Ametuma salamu kutoka Toronto.

Kazi ya marehemu ilikuwa papadi, vile vichapati vikavu vya kukaangwa. Alisukuma unga wa choroko ukawa mwembamba kiasi cha kuona mkono upande wa pili, akazianika juu ya paa, akaziuza kwa mamia. Wengi mliokulia Mazgaon mmezila. Kuanzia mwaka 1972 alisaidiwa na binti yake, ambaye alikuwa darasa la tatu, wa kwanza kati ya wanafunzi arobaini na mmoja, akatolewa shuleni akiwa na miaka tisa. Alisukuma papadi Hayim akiwa mgongoni. "Mwakani utarudi, mwanangu," mama alimwambia mwaka ule. Alimwambia tena mwaka uliofuata, na ule wa baada yake. Kisha hakuna aliyelitaja tena, na binti alidhani ni umaskini tu. Umaskini haumkasirishi mtu sana, maana haukumchagua yeye peke yake.

Mwaka 1984 binti huyo alikuja Dimona na mumewe, akapata kazi ya kufagia madarasa. Ameyafagia miaka ishirini na sita. Marehemu alimwandikia barua kila mwezi, kwa Kimarathi, kwa mwandiko ule wa ubaoni. Binti hakuweza kuzisoma. Herufi za darasa la tatu zilikuwa zimemtoka. Alizipeleka Lod kwa Mama Rahmabai Talkar, rafiki wa marehemu tangu Navgaon, ambaye yupo hapa mbele. Mama Rahmabai alizisoma kwa sauti, wageni wake wakisikiliza. Kwa hiyo marehemu hakuwahi kumwandikia bintiye neno la siri, maana alijua kwamba barua husomwa na mwingine.

Tarehe 4 Machi 2014 marehemu na mumewe walifika Israeli kwa harusi ya mjukuu wao Orli. Viza ilikuwa ya miezi mitatu, na tiketi ya kurudi ilikuwa ya tarehe 2 Juni. Harusi ikapita, tarehe ikapita. Orli akapata mimba, wakasema wasubiri mtoto. Viza ikaongezwa mara mbili. Walikaa kwa Segula, orofa ya tatu, wakaenda Lod kwa Mama Rahmabai wiki mbili mbili, wakarudi. Popote alipolala, marehemu hakukubali kutoa nguo zake sandukuni.

"Mgeni hapangi nguo kabatini," alisema. "Narudi kwangu baada ya Pasaka."

"Pasaka ipi, Milka?" Mama Rahmabai alimuuliza mbele za watu. "Tiketi yako imeota ukungu!"

"Na wewe ulikuja mwaka gani? Bado unapika dagaa wa Mumbai mpaka majirani wanahama."

Walicheka hadi wakashikana. Lazima isemwe kwamba ile miezi kumi na mitano alikuwa na furaha kuliko alivyowahi kuonekana. Binti yake alimwosha nywele, alimpeleka kliniki, alipanda naye ngazi akimsukuma kiunoni. Marehemu alizoea kuwaambia wageni, "Hayim wangu ndiye aliyetukatia tiketi."

Hayim alikuja kutembea tarehe 31 Mei mwaka huu. Alhamisi, tarehe 4 Juni, wazazi walitaka malida, sinia ya sadaka ya shukrani kwa Nabii Eliya. Segula alikuna nazi saba, akalowesha mchele bapa, akachanganya sukari na zabibu, akapanga matunda juu ya sinia. Walikuja watu thelathini na watano, na wengi wenu mlikuwepo. Baada ya baraka marehemu alisimama, mkono wake begani mwa mwanawe.

"Mnamwona huyu? Siku ya tatu aligeuka rangi ya bluu. Nilikuwa nimeshazika wawili. Nikamwambia Nabii, niachie huyu mmoja, nami nitakupa kitu cha thamani nilicho nacho. Na nilikuwa na nini mimi? Nilikuwa na msichana wa kwanza darasani. Nikasema, chukua masomo yake. Naye akasikia! Mtazameni!"

Mlipiga makofi. Mzee mmoja alisema, "Nadhiri ya kweli hiyo!" Segula alikuwa amesimama na sinia mkononi. Ndiyo siku alipoijua sababu ya kutolewa shuleni, baada ya miaka arobaini na mitatu.

"Nadhiri uliweka wewe, Mama," alisema. "Mbona niliyelipa ni mimi?"

"Kwani wewe si wangu?" mama akajibu, bila hasira, kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi.

"Dada, leo sherehe," Hayim akasema akicheka. "Kaa chini ule."

"Kula wewe. Wewe ndiye uliyezoea kubebwa."

Hayim aliondoka Jumanne. Ijumaa, tarehe 12 Juni, Segula alipika, akaweka sufuria juu ya sahani ya umeme inayowaka Sabato nzima, akachukua mkoba wake.

"Unakwenda wapi na Sabato inaingia?" marehemu aliuliza.

"Kwa Orli, Beersheba."

"Na sisi?"

"Ninyi mna Nabii wenu. Awapashie chakula."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia mama yake akiwa bado anaweza kujibu. Yanaandikwa hapa kwa sababu wasifu ni wa kweli au si wasifu.

Jumamosi, tarehe 13 Juni, saa saba mchana, baada ya chakula, mdomo wa marehemu ulipinda na mkono wake wa kulia ukafa. Simu ilikuwa mezani. Baba hakuigusa. Aliigusa saa mbili na dakika ishirini na tano usiku, Sabato ilipotoka. Daktari alisema kwamba zile saa za kwanza ndizo zilizokuwa na dawa.

"Mtoto wa chekechea anajua kwamba uhai unaipita Sabato, Baba!" Segula alimwambia kwenye korido ya hospitali.

"Mimi sikusoma chekechea ya hapa," alijibu. "Mama yako alionyesha dirisha kwa kidole. Alitaka nyota za kumaliza Sabato. Tukazisubiri pamoja. Sikumwachia mkono."

Jirani wetu Zohra alikuja huku analia. "Mzee, ukuta ule nasikia hata mkikohoa! Si ungegonga tu?"

"Sikutaka kukuvunjia Sabato yako, binti."

Rabi wa mtaa amemweleza baba kwamba sheria ilimtaka apige simu, na kwamba kuipiga kungekuwa ibada. Baba alisikiliza hadi mwisho, akashukuru. Yupo hapa, amekaa kwenye kiti. Naomba asiulizwe tena na mtu yeyote. Watu wake walishika kitu kimoja mamia ya miaka wasije wakapotea, naye alikishika. Aliyejua sheria nyumbani mle ni Segula, na alikuwa Beersheba, amekasirika.

Jumapili, saa tatu asubuhi, baba alikwenda chumba cha sala. Marehemu alifumbua macho. Sauti hakuwa nayo. Alivuta mkono wa binti yake kwa mkono wa kushoto, akaufungua, akaanza kuandika kwa kidole kiganjani. Aliandika pole pole kama ubaoni, akafuta kwa kiganja chake, akaandika tena lilelile. Mara tatu. Zilikuwa herufi za Kimarathi.

"Mama, sijui," Segula alisema. "Unajua kwamba sijui."

Marehemu alimtazama. Aliandika mara ya nne. Baba aliporudi, marehemu alikuwa amelala, na hakuamka tena. Alifariki Jumatatu, tarehe 15 Juni 2015, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitano, akazikwa hapa jioni yake.

Mama Rahmabai alisema, "Nionyeshe." Segula akamwandikia kiganjani vile alivyokumbuka. Mama Rahmabai akatikisa kichwa. "Mwanangu, huku ni kuparura kwa kuku. Laweza kuwa neno lolote."

Kweli, laweza kuwa lolote. Huenda aliandika nisamehe. Huenda aliandika jina la Hayim. Huenda alikuwa anauliza kuhusu jiko, ile sahani ya umeme, kwa maana lilikuwa linawaka tangu Ijumaa, naye maisha yake yote hakuweza kulala jiko likiwaka.

Marehemu ameacha mume, Aharon, mwenye miaka themanini, watoto wawili, Segula na Hayim, wajukuu watatu, kitukuu mmoja, binti wa Orli, na Mama Rahmabai, aliyemjua kabla yetu sote. Ameacha pia masanduku mawili, na moja halijafunguliwa bado.

Sasa nasema kwa kinywa changu. Siku ya mazishi waliokuosha walikuomba msamaha kama ilivyo desturi, kwa lolote walilokukosea. Na mimi nilikuomba, kwa maneno ya Ijumaa. Lakini penye kaburi anayeomba ni mmoja tu, aliye hai, na mimi pia kuna kitu nilikuwa nangoja kutoka kwako. Tangu wiki iliyopita Mama Rahmabai analala kwangu. Ananifundisha herufi za kwetu kwa kidole, kiganjani, siyo kwenye daftari. Tumefika ya kumi na moja. Kiganja bado hakijalitambua lile neno.

Pumzika kwa amani, Mama. Kama uliniomba msamaha, nitaufikia, na siku hiyo nitakuja hapa kukujibu. Kama uliuliza jiko, nililizima.